Goti Safi, Nyonga Iliyoteleza: Uchambuzi wa Kisa cha Kijana wa Miaka 13

Kijana ana miaka 13. Anachechemea, na akiulizwa anaumwa wapi anaweka kiganja upande wa ndani wa goti la kushoto. Haonyeshi kwa kidole kimoja. Anapapasa eneo zima, kuanzia juu kidogo ya goti hadi chini yake. Mama yake ndiye anayeeleza zaidi: maumivu yalianza kidogo kidogo baada ya mechi ya mpira shuleni, yakapoa, yakarudi, na sasa yametimiza miezi miwili na nusu. Homa hana. Kuanguka vibaya hakuna anayekukumbuka. Uzito wake umezidi ule wa umri wake, na siku hizi amepungukiwa hamu ya kucheza.

Hii ni mara yake ya nne kuonwa. Mara ya kwanza tabibu alilibonyeza goti, akakuta halijavimba, akahitimisha kwamba ni kujitegua uwanjani, akampa dawa ya kutuliza maumivu na wiki moja ya mapumziko. Mara ya pili tabibu mwingine aliagiza picha ya eksirei ya goti, ya mbele na ya pembeni. Picha zikatoka safi, mama akaambiwa ni maumivu ya ukuaji na yatakwisha yenyewe. Mara ya tatu maumivu yalikuwa yamezidi, goti likapigwa picha tena, likaonekana safi tena, na kijana akafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja: kuchuchumaa na kuinuka, kila siku.

Kisa hiki nimekiandaa kwa kufundishia na si cha mtu mmoja, lakini hakuna kipande chake kisichotokea kliniki. Wanaotibu mifupa ya watoto wataitambua njia yote tangu mstari wa kwanza. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wengi wetu tunaofundisha anatomia tunalijua na bado tunalifundisha vibaya: mgonjwa anatuonyesha mahali ambapo ubongo wake umepaweka maumivu, na mahali hapo panaweza kuwa mbali na ugonjwa wenyewe. Mwenye kazi ya kuifuata njia kutoka hapo hadi kwenye chanzo ni daktari, na ramani ya njia hiyo ni anatomia.

Uchunguzi wa mara ya nne

Daktari anaanza kwa kumwomba kijana avue viatu atembee ukumbini, aende na kurudi. Mambo mawili yanaonekana kabla hajaguswa. Unyayo wa kushoto umegeukia nje, wakati wa kulia unatazama mbele. Na kila anapokanyaga kwa mguu wa kushoto, kiwiliwili chake kinaegemea kushoto kwa kitambo kifupi, kisha kinarudi. Goti bovu lina namna yake ya kumfanya mtu achechemee: hulikaza, au huliondoa haraka ardhini. Halimfanyi auegemeze mwili mzima upande huo. Kuegemea kwa namna hii ni alama ya nyonga, ama kwa sababu misuli inayolishikilia fupanyonga likae sawa imedhoofika au haina tena mvuto mzuri, ama kwa sababu mtu anajaribu kukipunguzia mzigo kiungo kinachouma.

Kijana analala chali. Akiachwa tu bila kuambiwa kitu, mguu wa kushoto unajilaza kuelekea nje. Goti linachunguzwa kwa ukamilifu, na hili ni muhimu, kwa sababu kudhani ni nyonga hakumpi mtu ruhusa ya kuliruka goti. Halina maji ndani. Kano zake ni imara. Linakunjika na kunyooka lote bila maumivu wakati paja limetulia kitandani.

Kisha daktari anashika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mkono mwingine, analikunja goti nyuzi 90, na polepole analipeleka paja kuelekea kifuani. Paja la kulia lilikuwa limekwenda moja kwa moja. La kushoto linakataa. Linapopanda linazunguka lenyewe kwenda nje, goti likielekea kwapa la kushoto badala ya kifua. Daktari anajaribu kuuzungusha mguu kwa ndani, kidogo tu. Upande wa kulia ulizunguka nyuzi zipatazo 35. Huku hauzunguki hata kidogo, na kijana anaruka.

"Hapo! Goti, daktari, goti!"

"Lakini hukulikunja goti," mama anasema. "Umezungusha paja."

"Ndiyo mama. Goti nimelishika tu halijasogea. Kilichosogea ni nyonga, na yeye amesikia gotini."

Uchunguzi huo hauchukui hata dakika mbili, hauhitaji kifaa chochote, na ndio uliotoa utambuzi. Paja kuzunguka nje lenyewe linapokunjwa kunaitwa ishara ya Drehmann, na kwa kijana wa umri huu anayechechemea maana yake ni moja mpaka ithibitishwe vinginevyo: kichwa cha mfupa wa paja, ule mviringo wa juu unaoingia kwenye nyonga, kimeteleza kutoka kwenye shingo yake. Daktari hakumruhusu kijana ashuke kitandani kutembea tena. Kililetwa kiti cha magurudumu, na hata picha alikwenda kupigwa akiwa amekaa.

Eksirei ya fupanyonga, safari hii ikijumuisha nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa pembeni, ilionyesha kichwa cha kushoto kimeteleza kwa pembe ya nyuzi 38. Chini ya 30 huhesabiwa kuwa ni kuteleza kidogo, kati ya 30 na 50 ni kwa wastani, zaidi ya 50 ni kubaya. Pembe hiyo haikufika hapo kwa siku moja.

Kwa nini goti

Nyonga hupata hisia zake kutoka kwa neva kadhaa. Sehemu ya mbele hupokea vijitawi vya neva ya femorali. Sehemu ya mbele na ndani hupokea kijitawi cha neva ya obturata. Nyuma kuna vijitawi vinavyotoka kwenye mkusanyiko wa neva unaozaa neva ya siatiki. Goti nalo limehudumiwa na neva hizohizo tatu, na hapa ndipo shida ya kijana wetu ilipoanzia.

Ifuate neva ya obturata peke yake. Inaundwa na mizizi ya neva za kiuno, ya 2, ya 3 na ya 4. Inashuka ndani ya psoas, msuli mrefu wa kiunoni unaokunja paja, inachomoza kwenye ukingo wa ndani wa msuli huo, inaambaa ukutani mwa fupanyonga, kisha inatoka kuingia pajani kupitia mfereji mwembamba ulio juu ya tundu la obturata. Hapo inagawanyika matawi mawili, na msuli mfupi kati ya misuli inayovuta paja ndani unabaki katikati yake, tawi moja mbele yake na jingine nyuma. Tawi la mbele huishia kwenye ngozi ya ndani ya paja, na mara nyingi kijitawi cha nyonga hutoka huku. Tawi la nyuma hupita kwenye msuli mkubwa wa kundi hilohilo, likafuatana na ateri inayopita nyuma ya goti, na kuishia ndani ya kapsuli ya goti, yaani mfuko unaokizunguka kiungo.

Kwa hiyo nyuzi zinazoleta habari za nyonga na zile zinazoleta habari za goti zinasafiri ndani ya shina moja na kuingia kwenye uti wa mgongo kwa kiwango kimoja. Zikishafika, nyingi huishia kwenye seli zilezile za pembe ya nyuma ya uti wa mgongo. Seli hizo zikipeleka ishara juu, ubongo hauna namna ya uhakika ya kujua zimeamshwa na kiungo kipi. Ngozi na goti ni sehemu ambazo ubongo umezizoea: zinaguswa, zinagongwa, zinachubuka tangu utotoni. Nyonga imezama ndani kabisa ya nyama, na katika maisha ya kawaida haipeleki habari nyingi. Ubongo unachagua mahali unapopajua zaidi.

John Hilton, mpasuaji wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza katika mihadhara yake ya 1860 hadi 1862 kanuni ambayo mpaka leo inabeba jina lake: shina la neva linalohudumia kiungo huhudumia pia misuli inayokisogeza kiungo hicho na ngozi iliyo juu ya sehemu misuli hiyo inapojishikiza. Wanafunzi wengi huikariri kanuni hii kwa ajili ya mtihani. Nadhani thamani yake kubwa inaonekana ukiisoma kinyumenyume. Ukiambiwa ngozi ya mahali fulani inauma na ngozi yenyewe ni nzima, uliza ni neva gani inayoihudumia, kisha uliza ni viungo gani vingine vinavyohudumiwa na neva hiyo. Kwa kijana huyu swali hilo lingetoa jibu la nyonga siku ya kwanza.

Neva hii ina visa vingine, na nitavitaja viwili kwa kuwa vinaonyesha kwamba anayeielewa njia moja ya neva hupata zaidi ya ugonjwa mmoja. Mwanamke mzee mwembamba anayetapika, tumbo limejaa, na anasikia maumivu ya ndani ya paja hadi gotini, huenda utumbo wake umenasa kwenye ule mfereji mwembamba wa obturata na kuibana neva. Ishara hiyo inajulikana kwa majina ya Howship na Romberg, na asiyeikumbuka anaweza kumtibu mgonjwa huyo mguu huku utumbo ukioza. Na ovari hulala ukutani mwa fupanyonga karibu sana na neva hii, ndiyo maana ugonjwa wa ovari wakati mwingine huuma pajani. Kwa watu wazima, wapo wanaopewa tiba ya goti kwa miezi mingi wakati gegedu lililolika, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ni la nyonga.

Kinachoteleza ni nini

Maneno "kichwa kimeteleza" yamezoeleka, lakini yanapotosha kidogo, na anayeyachukua kama yalivyo hataelewa kwa nini mguu unageukia nje. Kichwa cha mfupa wa paja kimeshikiliwa ndani ya kikombe cha nyonga na hakiondoki mahali pake. Kinachosogea ni shingo pamoja na paja lote: vinapanda, vinakwenda mbele na kuzunguka nje. Ukiitazama picha, kichwa kinaonekana kimebaki nyuma na chini ya shingo.

Mpasuko hutokea kwenye gegedu la ukuaji, lile tabaka kati ya kichwa na shingo ambalo mfupa hurefukia. Ndani ya gegedu hilo kuna eneo ambalo seli zimevimba na mata, ile dutu inayozishikilia seli, iliyobaki kati yake ni kidogo, na hilo ndilo dhaifu kuliko mengine. Wakati wa kubalehe mfupa hurefuka kwa kasi, gegedu linakuwa nene, mwelekeo wake unakuwa wa wima zaidi, na uzito wa mwili unaongezeka. Nguvu inayolisukuma gegedu pembeni inapanda katika umri uleule ambao uwezo wake wa kuhimili umeshuka. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi kwa wavulana wa miaka 12 hadi 16 na wasichana wa miaka 10 hadi 14, na zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Ukionekana kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, au kwa kijana mwembamba na mfupi kuliko wenzake, inabidi kutafuta tatizo la homoni, hasa tezi ya thairoidi na homoni ya ukuaji, pamoja na ugonjwa wa figo.

Sasa ishara ya Drehmann inajieleza. Shingo iliyosogea mbele inagonga ukingo wa kikombe paja linapokunjwa. Njia pekee ya kuendelea kukunja ni kuzunguka nje ili shingo iupite ukingo huo. Mguu haugeuki kwa sababu kijana anaogopa. Unageuka kwa sababu mfupa umezuiwa na mfupa.

Nayarudia mazoezi aliyopewa mara ya tatu. Kuchuchumaa na kuinuka huku uzito wote ukipita kwenye gegedu linalopasuka ni miongoni mwa mambo mabaya zaidi anayoweza kufanyiwa mgonjwa huyu. Kwa goti la kijana mwenye udhaifu wa misuli ya mbele ya paja yangekuwa ushauri mzuri. Ubaya wake ulitokana na mahali ugonjwa ulipokuwa.

Picha ilisema kweli

Picha za goti zilizopigwa mara mbili hazikuwa na kasoro. Hazikusomwa vibaya. Goti lilikuwa zima, na picha ilisema hivyo. Nasisitiza hili kwa sababu visa vya namna hii vikijadiliwa, lawama huelekezwa haraka kwa msomaji wa picha au kwa ubora wa mashine, na watu wakaondoka wakiamini kwamba kipimo bora zaidi kingeokoa hali. Hata goti hilo lingepigwa MRI, ile picha ya sumaku, lingeendelea kuonekana zima.

Hatari ni namna jibu la "hakuna kitu" linavyopokewa. Picha safi ya goti inajibu kwamba goti halina ugonjwa. Matabibu wawili walioagiza picha hizo waliipokea kama kwamba kijana hana ugonjwa. Kipimo kisichoonyesha kitu mahali panapouma kinapaswa kumsukuma daktari kuhamia kwenye viungo vinavyotumia neva moja na mahali hapo. Badala yake, kipimo kilifunga mjadala, na dalili zilezile zilipoongezeka kikarudiwa kipimo kilekile.

Hata aliyeifikiria nyonga anaweza kupotea akiagiza picha ya mbele peke yake. Kichwa hubaki nyuma zaidi kuliko kinavyoshuka, na picha ya mbele haiwezi kuonyesha vizuri kitu kinachosogea mbele na nyuma. Dalili iliyopo ni ndogo: ukichora mstari kwenye ukingo wa juu wa shingo, uupite kuelekea kichwani, mstari huo unapaswa kukata kipande cha kichwa. Ni mstari wa Klein. Ukipita juu bila kugusa kichwa, au ukikata kipande kidogo kuliko upande wa pili, shuku. Katika hatua za mwanzo mstari unaweza kuonekana wa kawaida, na picha ya pembeni ndiyo itakayofichua. Mgonjwa asiyeweza kabisa kukanyaga asilazimishwe kupanua mapaja kwa ajili ya picha hiyo, maana kulazimisha kunaweza kuongeza kuteleza. Kwake kuna namna ya kupiga picha ya pembeni bila kuusogeza mguu.

Mishipa ya damu, na sababu ya haraka yote

Mama aliuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: kama imechukua miezi miwili na nusu, haraka ya leo hii inatoka wapi?

Jibu liko kwenye ateri. Damu ya kichwa cha mfupa wa paja hutoka kwa sehemu kubwa kwenye ateri inayozunguka shingo upande wa ndani, tawi la ateri ya kina ya paja katika watu wengi. Inapita nyuma ya shingo na kutoa vijishipa vinavyopanda juu ya mfupa, chini ya utando mwembamba, hasa upande wa juu na nyuma, hadi vinapoingia kichwani. Kuna ateri nyingine ndogo inayopita ndani ya kano inayokishikiza kichwa kwenye kikombe, lakini mchango wake peke yake hautoshi. Na kwa kijana ambaye bado anakua, gegedu la ukuaji linazuia mishipa ya shingo kuvuka kuingia kichwani. Kichwa kinategemea vile vijishipa vya juu na nyuma, na vinaambaa papo hapo gegedu linapopasukia.

Kuteleza polepole kunaviruhusu vijishipa hivyo vijirekebishe. Kuteleza kwa ghafla kunavikata au kuvibana, na kichwa kinakufa. Mwaka 1993 Randall Loder, mpasuaji wa mifupa ya watoto, na wenzake waliwatenganisha wagonjwa kwa swali moja tu: anaweza kukanyaga, hata kwa magongo, au hawezi? Katika nyonga 55 walizozichambua, 30 zilikuwa za wasioweza kukanyaga, na kati ya hizo 14 zilipata kufa kwa kichwa cha mfupa. Kati ya 25 za walioweza kukanyaga, hakuna hata moja. Kijana wetu aliingia kliniki akitembea. Kujikwaa mara moja kwenye ngazi kungeweza kumhamisha kutoka kundi moja kwenda jingine, na ndiyo sababu ya kiti cha magurudumu.

Upasuaji wenyewe ni somo la anatomia. Skrubu moja inaingizwa mpaka katikati ya kichwa, ikilivuka gegedu kwa pembe ya mraba, bila kujaribu kukirudisha kichwa kwa nguvu mahali kilipokuwa. Kwa kuwa kichwa kimebaki nyuma, skrubu haiwezi kuanzia ubavuni mwa mfupa kama katika mivunjiko ya kawaida. Inaanzia mbele ya shingo na kuelekea nyuma. Na mpasuaji anaikwepa sehemu ya juu na nyuma ya kichwa, kwa sababu vijishipa vinaingilia hapo. Asiyeijua njia ya ateri hiyo anaweza kuifunga mifupa vizuri na kukiua kichwa kwa skrubu yake mwenyewe.

Maarifa yalikuwapo

Sina shaka kwamba matabibu wale wawili walijifunza neva ya obturata. Wangeulizwa kwenye mtihani wataje matawi yake, kila mmoja angeyataja. Ni kwa nini basi maarifa hayo hayakuja pale yalipohitajika?

Nadhani ni kwa sababu ya namna yalivyohifadhiwa. Anatomia ya mguu hufundishwa kwa maeneo: wiki hii nyonga, wiki ijayo paja, inayofuata goti. Mwanafunzi anapoipasua nyonga anakutana na mwanzo wa neva, anaiandika, anafunika. Anapolifikia goti anakuta vijitawi vinavyoishia kwenye kapsuli, anaviandika kama jambo la goti. Miaka mitano baadaye, mgonjwa akisema "goti", ukurasa unaofunguka kichwani mwake ni wa goti: meniskasi, kano, kifupa cha goti. Nyonga iko kwenye ukurasa mwingine, na hakuna kilichowahi kuziunganisha kurasa hizo mbili. Wataalamu wa tiba ya watoto wanajua kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya saba wa ugonjwa huu hulalamikia goti au paja la chini pekee, na hao ndio wanaochelewa kutambuliwa na kufika na pembe kubwa zaidi.

Giovanni Battista Morgagni, mwalimu wa anatomia wa Padua, alipochapisha mwaka 1761 uchunguzi wake wa maiti za mamia ya wagonjwa, alifanya jambo rahisi lililobadilisha tiba: aliweka pamoja malalamiko ya mgonjwa alipokuwa hai na kiungo kilichoonekana kuharibika baada ya kifo. Alianzia kwenye dalili, akaitafuta makazi yake mwilini. Tangu hapo tumekuwa na mfano wa anatomia inayomtumikia mgonjwa, na inanihuzunisha kuona wanafunzi wengi bado wanaipokea kama orodha ya majina.

Ningependa neva ya obturata ipasuliwe katika kikao kimoja, kutoka kwenye mizizi yake kiunoni hadi kwenye kapsuli ya goti, bila kusimama kwenye kinena kwa kuwa eneo limekwisha. Mwanafunzi aishike kwa vidole juu na chini kwa wakati mmoja. Siku hiyohiyo wanafunzi wachunguzane nyonga: kila mmoja amlaze mwenzake, akunje paja, azungushe ndani na nje, apime na kuandika nyuzi za pande zote mbili. Mikono inayoijua nyonga nzima ilivyo laini kuzunguka ndani ndiyo itakayoshtuka ikikutana na ile iliyokwama. Vyuo vingi vimepunguza saa za kupasua maiti na kuweka picha za kompyuta. Picha hizo zinafaa sana kuonyesha uhusiano wa viungo, na sizipingi, ila haziufundishi mkono.

Na mtihani nao ubadilike. Swali la "taja matawi ya neva ya obturata" liwe "kijana anaumwa ndani ya goti na goti ni zima, orodhesha kila mahali utakapoweka mkono, na useme kwa nini". Wanafunzi husoma kulingana na wanavyotahiniwa. Swali la namna hii linamlazimisha aitembelee neva yote, na akishaizoea kwa mguu ataitumia kwa bega pia, atakapokutana na mtu anayeumwa ncha ya bega kwa sababu damu imemwagika tumboni na kuigusa diaframu, ambayo neva yake hutoka kwenye mizizi ya neva za shingoni, chini ya kichwa cha mtu, ya 3 hadi ya 5.

Baada ya upasuaji

Maumivu ya goti yaliisha ndani ya siku chache baada ya skrubu kuwekwa, bila goti kuguswa. Kijana alitembea kwa magongo kwa wiki sita. Mguu wa kushoto bado unageukia nje kidogo, kwa sababu mfupa ulikazwa katika umbo ulilofikia, na umbo hilo litabaki sehemu kubwa. Shingo iliyosogea itaendelea kuugusa ukingo wa kikombe anapokunja paja sana, na kwa miaka mingi mguso huo unaweza kulila gegedu la nyonga. Laiti angegunduliwa akiwa na pembe ndogo, hatari hiyo ingekuwa ndogo pia.

Uamuzi mgumu uliobaki ni wa nyonga ya kulia. Sehemu kubwa ya wagonjwa hawa hawateleziwi upande wa pili, lakini wanaoteleziwa ni wengi kiasi cha kutosha kumsumbua mpasuaji, na mara nyingi hutokea ndani ya mwaka mmoja na nusu. Wapo wanaoikaza ya pili siku hiyohiyo, hasa mgonjwa akiwa mdogo sana au akiwa na tatizo la homoni. Wapo wanaosubiri na kuangalia. Vipimo vya homoni vya kijana huyu vilikuwa vya kawaida na mama alikuwa mwepesi wa kurudi kliniki, kwa hiyo ikaamuliwa kusubiri, na picha za nyonga zote mbili, za mbele na za pembeni, zipigwe kila baada ya miezi mitatu hadi gegedu la ukuaji lifunge. Kwenye kadi yake daktari aliandika kwa herufi kubwa: maumivu yoyote ya kinena, paja au goti la kulia, asikanyage, aletwe siku hiyohiyo, apigwe picha ya nyonga.